Walinililia Nikiwa Hai

Wewe unayesoma haya huku umeshika kitambaa mdomoni, nakujua. Najua unavyokitazama kile kitambaa kabla ya kukikunja, na unavyokikunja haraka mama asije akaona. Mimi si daktari. Waliokuwa madaktari walinieleza mambo mengi, nami nikayasahau kabla sijafika mlangoni. Nitakueleza tu yaliyonipata nilipokuwa msichana wa Temeke: jinsi nilivyougua kifua, jinsi ndugu zangu walivyoniwekea matanga nami ningali napumua, na jinsi nilivyohangaika kujua kama Mungu ananiita au ni homa tu inayosema. Mpaka leo nikiyakumbuka mwili unanisisimka.

Sisi ni Waluguru. Baba yangu, Mzee Klemensi, alikuwa karani wa bohari, mtu wa kaptula iliyopigwa pasi na soksi ndefu hadi magotini, hata siku za jua kali. Mama alilima mchicha nyuma ya nyumba. Nilibatizwa Skolastika, lakini jina la nyumbani ni Semeni, na jina hilo halikuwa pambo. Lilikuwa la mama yake bibi yangu, na lilikwenda pamoja na shamba lake huko milimani. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama. Kaka zangu wawili, hata wangezaa kijiji kizima, watoto wao wangehesabiwa kwa wake zao. Tumbo la mama lilikuwa na binti mmoja tu, naye ni mimi.

Kwa hiyo mwenye neno juu yangu hakuwa baba. Alikuwa Mjomba Gaspari, kaka yake mama, aliyebaki Uluguru akilitunza lile shamba. Kila baada ya mavuno alikuwa akishuka Dar, ananitazama tangu kichwani hadi miguuni kama anayekagua mche wa kahawa, kisha anamwambia mama, "Anakua." Mama alifurahi siku nzima. Mimi nilijua maana yake: anakua, ataolewa, atazaa, ukoo utaendelea. Wazo la usista lilikuwa limeshanipitia tangu shuleni kwa masista, lakini nilikuwa nimeliweka kando, kwa sababu nani angethubutu kumwambia Mjomba Gaspari kwamba mche wake hautazaa?

Kikohozi kilianza wakati wa kipupwe. Mama alinipa asali na ndimu, kisha akanifukiza majani, kisha akaanza kunitazama kwa pembe ya jicho. Kipupwe kikaisha, vuli ikaja ikapita, joto la kaskazi likatuchoma, na mimi bado nakohoa. Jioni mwili ulikuwa unachemka, alfajiri shuka limelowa. Jumapili moja, mwanzo wa masika, nilikuwa nikiimba kwenye kigango chetu, kibanda cha makuti ambako padre alikuja mara moja moja, nikasikia kitu cha uvuguvugu kooni. Nilikitema kwenye ncha ya kanga. Kilikuwa chekundu. Nikaendelea kuimba mpaka wimbo ukaisha, maana sikujua la kufanya.

Benchi la hospitali ya serikali lilikuwa refu, lililong'arishwa na makalio ya watu. Mmoja akiitwa ndani, wote tunasogea. Kila anayekohoa anatazamwa na wenzake, na kila anayetazama anakuja kukohoa naye. Zamu yangu ilipofika nilivuliwa gauni nikabandikwa kifua kwenye ubao wa baridi, nikaambiwa nisipumue. Baadaye daktari Mzungu aliiinua picha ya kifua changu dirishani, akasema maneno machache, na dresa, msaidizi wake wa wodini, akanigeuzia kwa Kiswahili.

"Daktari anasema pafu lako lina shimo."

"Kubwa?"

Dresa akanionyesha kidole gumba chake. Nilikitazama kile kidole, na ajabu ni kwamba sikuogopa kwanza. Nilishangaa kwamba mtu anaweza kuwa na shimo ndani na bado akafua nguo na kwenda kisimani.

Sikurudi nyumbani. Nilipelekwa moja kwa moja wodi ya kifua, na kesho yake Bwana Afya alifika Temeke na watu wake. Waliamuru kitanda changu kitolewe nje uani, godoro lichomwe moto, na chumba kipakwe chokaa. Mama alikaa kwenye ngazi akajifunika kanga gubigubi kwa sababu ya moshi na machozi. Ninayoyasema sasa sikuyajua mpaka baadaye, lakini nayasema hapa ili unifuate. Asubuhi hiyohiyo alipita mtu wa kwetu, Martini, aliyekuwa ameshuka na ndizi zake sokoni na kutumwa na mjomba atujulie hali. Alifika kwenye ua akasimama. Kwetu Uluguru kitanda cha mtu hakitolewi uani na godoro lake likachomwa ila mwenyewe amekwisha kufa. Tena asiye na kitu mkononi haingii msibani. Martini alivua kofia, akageuka, akarudi stesheni kupanda treni.

Huko milimani mjomba aliposikia alitaka kushuka saa ileile, lakini mvua zilikuwa zimekata reli. Basi wakaniwekea matanga kwao. Watani wakaja wakamfunga mjomba mkononi kitambaa cha kaniki cha msiba. Wakanyoa, wakapika, wakanililia kwa wimbo. Na kwa kuwa baba hakupeleka neno lolote, mjomba akachukia. Alisema, "Shemeji amemzika mtoto wetu kama kuku." Baba naye alikuwa amenyamaza kwa makusudi, akiogopa kwamba mjomba akisikia naumwa atakuja kunibeba anipeleke kwa mganga wa majani. Basi kila upande ukanuna, na katikati ya manuno hayo mimi nimelala kitandani, maiti wa watu, nasubiri uji.

Sindano ilikuwa kila asubuhi. Matako yakawa magumu kama ngozi ya ngoma, dresa akawa anatafuta pa kuchoma. Vidonge vilikuwa vikubwa, vyeupe, na kila nikivimeza tumbo linavikataa. Nilikonda. Kanga niliyokuwa nikijifunga vizuri ilinizunguka ikabaki. Baadaye masikio yakaanza kupiga kelele, mlio mwembamba usiokwisha, na sakafu ikawa inainama ninapoinuka. Nilitembea nikiambaa ukuta. Sikio la kushoto halijarudi mpaka leo. Kama nawe wanakuchoma sindano hiyo na masikio yanakulilia, waambie mapema, usione haya kama nilivyoona mimi.

Mama alikuja kila siku ya kutazama wagonjwa, kwa miguu kutoka Temeke, uji kwenye birika. Baba alikuja mara chache, akasimama miguuni pa kitanda na kofia yake mkononi. Nilidhani ananikimbia ugonjwa. Siku moja mama aliniambia kwamba baba akirudi nyumbani kutoka kunitazama hagusi chakula, na kwamba wamegombana kwa sababu ya kutompelekea mjomba habari, mpaka hawasemezani ila kwa kupitia kaka zangu. Ugonjwa wangu ulikuwa umeingia mpaka kwenye sahani zao.

Aliyetuchekesha alikuwa Bibi Zena. Huyu alikuwa Mluguru mwenzetu, Mwislamu, mkaanga mihogo wa Buguruni, na ukoo wake na wetu ni watani. Watani ndio wanaotuzika, ndio wanaotufunga kitambaa cha msiba na kukifungua, na wana ruhusa ya kutuambia lolote tusikasirike. Aliingia wodini akapiga kelele tangu mlangoni.

"We Semeni, hujafa tu? Mie nimeshanoa jembe!"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba ya nini? Maiti hawaamkii watu. Haya, hiyo kanga ya maua ni yangu, hilo birika ni langu. Na mama yako nitamwoza kwa mzee mmoja wa Vingunguti hana meno."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimemsikia mama akicheka tangu kipupwe. Bibi Zena alipoondoka aliacha mihogo chini ya mto, na harufu yake ikanifanya nitake kula.

Katikati ya masika nilifika ukingoni. Ilikuwa mchana, mvua inapiga bati, damu ikanitoka nyingi hata dresa akakimbia. Nililala chali, sijui kama pumzi inayofuata ipo. Nikamwambia Mungu waziwazi: niponye, nami nitakuwa sista. Nikaipata ile pumzi. Nikapata na nyingine.

Padre alipokuja kutukomunisha nilimsimulia kwa furaha, kama mtu aliyemaliza kazi. Alikuwa Mzungu mzee mwenye ndevu, Kiswahili chake cha bara, anasema polepole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanuna kidogo.

"Mwanangu, Mungu si mchuuzi. Hakukuuzia pumzi."

"Lakini padre, nimeahidi."

"Uliahidi ukiwa unazama. Anayezama hushika chochote. Mimi nakufungua katika ahadi hiyo. Wito uliokuja na homa, uache homa iondoke kwanza. Ikiondoka na wito ukabaki, tutazungumza. Kwa sasa soma Injili. Soma ya Marko, ni fupi, mgonjwa anaiweza. Na usitafute jibu, tazama watu."

Nilikasirika. Nilikuwa nimempa Mungu kitu kikubwa kuliko vyote nilivyokuwa navyo na padre amekirudisha kama sahani chafu. Lakini nilisoma, kwa sababu wodini hapana kazi nyingine. Baba aliniletea kitabu chake cha Injili, kilichovikwa karatasi ya kaki kwa unadhifu wake uleule. Nilisoma kidogokidogo, macho yakichoka nafumba, natazama watu kama nilivyoambiwa.

Nikaona jambo lililonitisha. Yule mtu wa makaburini, aliyetolewa jeshi zima la pepo, alimwomba Yesu amfuate. Akakataliwa. Aliambiwa arudi nyumbani kwa watu wake. Yule mama aliyetokwa damu, aliyegusa vazi kwa nyuma, aliambiwa aende kwa amani. Yule binti wa mkuu wa sinagogi, ambaye waombolezaji walikuwa wameshaanza kumlilia na yeye amelala tu, hakuambiwa neno lolote la kufuata. Yesu aliwaambia wazazi wampe chakula. Nilirudia kurasa hizo mpaka pembe zake zikalegea. Walioponywa wanarudishwa nyumbani! Basi mimi nikipona nitarudishwa nyumbani, kwa Mjomba Gaspari, nikazae. Na nani aliyesema hilo ni baya? Nilitaka kuwa mtiifu. Nililia kwa sababu sikujua mtiifu anakwenda upande gani.

Padre alipokuja tena nilimwuliza, "Mbona wote anawarudisha?"

"Soma mpaka mwisho," akasema, akaenda kitanda kingine.

Masika yakaisha, kipupwe kikaja tena. Kwenye kitanda cha jirani yangu alilazwa mke kijana wa Vingunguti aliyeitwa Mama Hadija. Alikuwa amemwacha mtoto mchanga kwa bibi yake na maziwa yalikuwa yanamtoka bure. Asubuhi moja alikuwa anaomba maji na hapakuwa na mtu. Nikainuka. Nilishika ukuta, nikashika kitanda, nikashika meza, sakafu ikiinama kama kawaida yake, nikajaza kikombe nikampelekea. Nikamwinua kichwa akanywa. Maji yakamwagika kidevuni, nikamfuta kwa kanga yangu.

Sijui nikueleze vipi. Hapakuwa na mwanga wala sauti, na masikio yangu yalikuwa yanapiga ule mlio wao. Lakini nilisimama pale na kikombe kitupu na moyo ukajaa hata nikaogopa utapasuka. Nilikumbuka yule mama mkwe wa Petro, ambaye habari yake nilikuwa nimeiruka kwa sababu ni fupi mno: homa ikamwacha, akainuka, akawahudumia. Hakuahidi kitu. Hakuuliza aende wapi. Aliinuka tu na mikono yake ikajua kazi. Nikagundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimekohoa, na sikuwa nimefikiria kufa, na bado niliutaka usista. Nilitaka kuishi hivi maisha yangu yote. Mama Hadija akaniuliza, "Mbona unalia, dada? Mie ndiye mgonjwa." Tukacheka wote wawili, tukakohoa.

Kuanzia siku hiyo nilipeleka maji kila asubuhi, nikaanza na kitanda kimoja nikamaliza na safu. Dresa aligomba, kisha akanyamaza, kisha akaanza kuniita nimshikie sinia. Mama Hadija alipona, akaenda kwa mtoto wake.

Nilitoka hospitali mvua za vuli zilipoanza. Baba alikuwa amenijengea kibanda nyuma ya nyumba kwa mikono yake, karani ambaye hakuwahi kushika nyundo, na misumari yote ilikuwa imepinda. Nilikuwa na sahani yangu, kikombe changu, na ruhusa ya kukaa juani. Majirani walinisalimu kutoka mbali. Hapo ndipo nilipofika, katika kusoma kwangu, kwa kipofu Bartimayo, yule aliyekuwa akipiga kelele njiani na watu wakimnyamazisha. Yesu alimponya, na kama wengine wote alimwambia aende zake. Na yeye akamfuata njiani! Nilikiweka kitabu chini. Aliambiwa aende zake, na alipofunguka macho njia aliyoiona kuwa yake ni ileile aliyokuwa anapita Yesu. Hakuasi. Alikwenda zake kweli. Nilikuwa nimekaa juani, kuku wanachakura mbele yangu, nami nimeonyeshwa kitu kilichokuwa hapo siku zote.

Nilimweleza padre. Safari hii hakununa. Alisema masista watanipokea kunijaribu, ila kwa mambo mawili: daktari athibitishe kwamba nimepona, na wazazi waridhie. Baba akasema, "Mimi naridhia. Lakini mimi ni baba tu. Mtoto huyu ni wa kwao mama yake." Mama alitazama chini akasema, "Kaka hatakubali." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa tumbo lake lote.

Siku hizohizo Bibi Zena alikwenda Uluguru kwenye msiba wa kwao. Akiwa huko alimkuta Mjomba Gaspari na kaniki mkononi, akauliza nani kafa. Akaambiwa Semeni. Alikaa chini, kama alivyosimulia mwenyewe, akacheka mpaka watu wakadhani amepagawa. Mjomba hakuamini. Akapanda naye treni, akaja naye mpaka Temeke, na wakatukuta bila taarifa.

Nilikuwa nimekaa mlangoni pa kibanda changu nachambua mchicha. Nikainua macho nikamwona mjomba amesimama uani, palepale aliposimama Martini. Uso wake ulikuwa wa majivu. Alikuja polepole, akanyoosha mkono wenye kile kitambaa cheusi, akanigusa utosini, akanigusa shavu.

"Ana joto," akasema. "Dada, huyu ana joto la mtu."

"Shikamoo mjomba," nikasema.

Machozi yakamshuka mzee yule, nisiyewahi kumwona akilia. Akamgeukia mama, na neno la kwanza alilolisema lilikuwa hili: "Amekula? Mbona mmemwacha hivi? Mpeni chakula."

Mwenzangu, mchicha uliniponyoka. Mjomba hakujua kusoma. Hakuwa amesikia habari ya yule binti wa mkuu wa sinagogi, au kama aliisikia kanisani alikuwa amesinzia. Lakini alisema vilevile, kwa binti aliyekwisha kuliliwa, uani kwetu Temeke. Nilishindwa kumtazama usoni. Mama alipika ugali, nikala wakinitazama wote, na baba na mjomba wakapeana mikono, manuno yakaishia hapo.

Kesho yake asubuhi walikaa kikao barazani. Ndipo tulipopata habari iliyobaki. Katika matanga yangu ukoo ulikuwa umeshalirithisha jina langu. Klotilda, binamu wa mama wa tumbo jingine, alikuwa amezaa mtoto wa kike, na wazee walimpa mtoto yule jina la Semeni, na shamba la bibi likawekwa mikononi mwake.

"Sasa tutalirudisha," mjomba akasema. "Mwenyewe yupo. Mtoto atapewa jina jingine, na huyu nitaondoka naye. Hewa ya milimani itamponya, na mume yupo."

Bibi Zena alikuwa amekaa kwenye mkeka anatafuna tambuu. Akatema pembeni.

"Gaspari, nikuulize. Kuku wa tanga tulimla hatukumla?"

"Mlimla."

"Unga wa kupewa jina mtoto alipakwa hakupakwa?"

"Alipakwa."

"Basi nani atamtapika yule kuku? Sie watani tumeshamzika huyu. Tumekula, tumeimba, tumelala msibani kwenu na kunguni wenu. Ukimvua mtoto jina la marehemu unamwachia nini? Unataka tuje tena na majembe kwa yule mdogo?"

"Huyu si marehemu!"

"Hilo si langu. Mlilia wenyewe, hatukuwatuma."

Mama alifunika mdomo kwa kanga, sijui kwa kucheka au kwa kulia. Mjomba aligeuka akanitazama mimi. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuulizwa na mjomba.

"Semeni, wewe unasemaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya Bartimayo, na kikombe cha maji, na padre. Vyote vikanitoka. Nilifikiria tu mtoto mchanga huko milimani, aliyepakwa unga, anayeitwa kwa jina langu na kugeuza kichwa.

"Mjomba, msimvue. Mahali pangu pamepata mtu. Mwacheni akae."

"Na wewe?"

"Mimi naomba niende kwa masista."

Baba hakusogea. Mjomba aliuliza, kwa sauti ndogo, "Ukimwachia jina lako, wewe utaitwa nani?"

"Huko mtu hupewa jina jipya. Langu bado sijapewa."

Nilipolisema hilo nilijishangaa, kwa sababu sikuwa nimelifikiria kabla. Nilikuwa nimesoma Injili tangu masika kutafuta kama nimeitwa, na kumbe watu wangu walikuwa wamenivua jina langu taratibu, kwa machozi, kwa kuku na kwa unga, bila hata mmoja wetu kujua wanafanya kazi ya nani.

Mjomba alimnyooshea Bibi Zena mkono wenye kaniki. "Nifungue basi, mtani. Msiba umekwisha."

"Sikufungui. Kilifungwa kwa ajili ya huyu. Akifungue yeye."

Fundo lilikuwa limekazwa na jasho la miezi yote ile, na vidole vyangu vilikuwa dhaifu. Nilihangaika nalo kwa kucha. Mjomba alingoja, mkono wake juu ya magoti yangu, mkono mzito wa jembe. Kitambaa kilipodondoka ngozi chini yake ilikuwa nyeupe kidogo. Akaisugua.

"Haya," akasema. "Nenda zako."

Nami nikajua ninaelekea wapi.

Masista walinipokea baada ya masika mengine kupita na picha nyingine ya kifua kuonyesha shimo limefumba. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Nililia kwa kumkumbuka mama, na kila baridi ikija nilihesabu pumzi zangu kwa hofu. Mpaka leo nakaa benchi la mbele upande wa kulia ili nisikie. Wewe unayekohoa, sijui utaambiwa nini utakapopona. Labda utarudishwa nyumbani kwa watoto wako kama Mama Hadija, na hilo nalo amelisema Yeye. Usiweke ahadi ukiwa unazama. Kunywa uji. Subiri homa iondoke, kisha tazama mikono yako inataka kufanya nini.

Siku ya nadhiri zangu za kwanza walikuja wote: baba na soksi zake, mama, Bibi Zena aliyekaa nje chini ya ukuta wa kanisa akilalamika kwamba maiti wake amevikwa vizuri kuliko yeye. Misa ilipokwisha Mjomba Gaspari alinijia akiwa amemshika mkono mtoto wa kike mwenye gauni jipya na miguu ya vumbi. Mtoto akasema kitu upande wangu wa kushoto, sikusikia. Nikainama, nikamgeuzia sikio la kulia.

"Shikamoo Sista. Naitwa Semeni."

"Marahaba, Semeni."

Alinitazama kwa makini, shela, msalaba, viatu. "Babu amesema ulikufa ukanipa jina."

"Ndiyo," nikasema. "Je, linakutosha?"

Alijitazama, akainua mikono, akajigeuza kidogo kama anayepimwa gauni.

"Linanitosha," akasema, akakimbia kwenda kucheza.